Huyu ni Nani Wako? Anthropolojia kwa Macho ya Tarime na Serengeti

 

Lengo la mhadhara huu ni kueleza anthropolojia ni elimu gani, ina matawi gani na inafanya kazi gani, kwa mifano ya wilaya hizi mbili, Tarime na Serengeti. Mifano hiyo haikuchaguliwa ili kuwapendeza wenyeji. Nchi hii iliyo kati ya Ziwa Victoria na mbuga ya Serengeti imeandikwa kwa zaidi ya miaka 100. Mwaka 1910 ofisa wa Kijerumani, Max Weiss, alichapisha kitabu kuhusu makabila ya kaskazini mwa koloni lao. Miaka ya 1940 Hans Cory, mtaalamu wa mila aliyeajiriwa na serikali ya Waingereza, aliandika juu ya ardhi ya Wakurya. Miaka ya 1950 alikuja Malcolm Ruel, ambaye kazi zake juu ya Wakurya zinasomwa mpaka leo. Baadaye wakafuata Eva Tobisson wa Sweden, Barthazar Rwezaura wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Michael Fleisher wa Marekani. Wakurya, Wangoreme, Waikoma, Wanata na Waishenyi wanajulikana katika maktaba za Ulaya. Katika maktaba za shule zao wenyewe ni nadra kuwakuta.

Neno lenyewe lina asili ya Kigiriki na maana yake ni elimu ya binadamu. Kuna elimu nyingi zinazomhusu binadamu: daktari anamtibu, mwanasheria anamtetea, mchumi anahesabu mapato yake. Mwanaanthropolojia anauliza jinsi watu wa mahali fulani wanavyoishi pamoja, na kwa nini jambo ambalo jirani analiona kituko wao wanaliona la kawaida kabisa. Marekani, tangu enzi za Franz Boas, elimu hii imezoeleka kuwa na matawi manne: utamaduni na jamii, lugha, mwili wa binadamu, na akiolojia. Uingereza wamelitilia mkazo zaidi tawi la jamii. Hapa nchini matawi hayo yametawanyika katika idara mbalimbali za vyuo, na mwanafunzi anaweza kumaliza shahada bila kujua kwamba akiolojia na isimu aliyoisoma ni ndugu. Jioni hii yatakaa chini ya mti mmoja.

1. Swali linatangulia mizani

Chukua mfano huu. Mtafiti mgeni anafika kwenye mji wa Kikurya. Anamkuta bibi wa miaka sitini na kitu akipepeta wimbi. Kando yake mwanamke kijana ananyonyesha, na watoto wawili wanafukuzana na kuku. Mwanamume haonekani. Mtafiti ana dodoso lake: mkuu wa kaya ni nani, mume wa mama wa watoto ni nani. Anamuuliza yule kijana, "Mume wako yuko wapi?" Kijana anamtazama bibi. Bibi anaweka ungo chini, anasema, "Huyu ni mokamona wangu. Ng'ombe nilitoa mimi." Dodoso halina nafasi ya jibu hilo.

Wengi humu ukumbini wameshaelewa. Hiyo ni nyumba ntobhu. Magazeti, na hata baadhi ya wasomi, wameiita ndoa ya jinsia moja au ndoa ya mwanamke kwa mwanamke, na wasomaji wa mbali wakajijazia wenyewe yaliyobaki. Jina hilo linapotosha. Mokamona ni mke wa mwana, yaani mkwe. Bibi yule hakuoa mke wa kulala naye. Ameoa mkwe kwa niaba ya mwana wa kiume ambaye hakumzaa, au aliyefariki. Kijana anapata watoto na mwanamume, mara nyingi kwa ridhaa au chaguo la bibi, lakini mwanamume huyo hana dai juu yao. Watoto ni wajukuu wa bibi na warithi wa nyumba yake.

Kwa nini iwe hivyo? Jibu limo katika neno nyumba. Katika mji wa Mkurya mwenye wake wengi, kila mke ana nyumba yake, na mali ina nyumba. Binti akiolewa, ng'ombe wake wanahesabiwa kwa nyumba ya mama yake, ili kaka wa tumbo hilo hilo naye apate kuoa. Sasa mama aliyezaa mabinti watupu anao ng'ombe wa mahari ya binti zake, lakini hana mwana wa kuoa kwa ng'ombe hao. Asipofanya kitu, nyumba yake inazimika na mali inakwenda kwa nyumba nyingine. Kwa nyumba ntobhu, ng'ombe wanatimiza kazi waliyokusudiwa na jina la nyumba linaendelea. Tobisson alilieleza jambo hili katika kitabu chake cha mwaka 1986 juu ya familia za Wakurya wa kaskazini mwa Tanzania, na Rwezaura akalipima kwa jicho la sheria mwaka 1985.

Hapo ndipo ilipo dhana ya kwanza ya elimu hii. Kiswahili kinayo methali yake: nyani haoni kundule. Kila jamii huelekea kupima wengine kwa kipimo chake na kuona kipimo hicho ndicho cha ulimwengu. Mwanaanthropolojia anafundishwa kuchelewesha hukumu mpaka aijue mila ndani ya mazingira yake: inamtatulia nani tatizo gani, na nani anaumia. Bronisław Malinowski, aliyekaa kwenye visiwa vya Trobriand kati ya 1915 na 1918, ndiye aliyeifanya njia ya kuishi na watu, kujifunza lugha yao na kuandika kila siku kuwa msingi wa kazi. Njia hiyo inaitwa uchunguzi shirikishi, na maandishi yanayotokana nayo huitwa ethnografia.

Kuchelewesha hukumu si kuifuta. Wazee wavumilie hapa. Katika nyumba ntobhu wapo wasichana walioolewa wakiwa watoto, walioshinda shambani kama vibarua, na wengine waliopigwa na wanaume wasiowajibika kwao kwa lolote. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaitambua ndoa kuwa muungano wa hiari wa mwanamume na mwanamke, hivyo mokamona anapofika mahakamani kudai matunzo au mali, anafika bila jina la kisheria. Mtetezi wa binti huyu atamsaidia vizuri zaidi akijua kwamba mpinzani wake ni mama mkwe, na kwamba mgogoro ni wa nyumba, ng'ombe na wajukuu. Akifika na picha ya "mume wa kike" kichwani, ataandika hati ya madai isiyomhusu mtu yeyote.

Linganisha na Wanandi wa Kenya. Kwao pia mwanamke huoa, lakini Regina Smith Oboler alionyesha mwaka 1980 kwamba Wanandi husisitiza kuwa mwoaji amekuwa mwanamume katika mambo ya mali na urithi. Kwa Wakurya anabaki mama. Kwa macho ya haraka desturi hizi mbili ni moja, kumbe kila moja ina mantiki yake. Kulinganisha jamii na jamii ni nusu ya kazi ya anthropolojia.

2. Undugu ndio ramani

Mzungu alipochora mpaka, alitumia rula. Makubaliano ya Waingereza na Wajerumani ya mwaka 1886, yakakamilishwa 1890, yalipitisha mstari kutoka ziwani kuelekea Kilimanjaro na pwani. Ukiwa Sirari leo unaiona Isebania ng'ambo ya mpaka, na mtu anaweza kulala Tanzania na kunyweshea ng'ombe Kenya. Ramani ya wenyeji ilikuwa nyingine, na bado ipo.

Ramani hiyo inaanzia kwenye ikiaro, wingi wake ibiaro: Watimbaru, Wanchari, Wairege, Wanyabasi, Wakira, Wanyamongo na wengine. Magazeti huziita koo, lakini ikiaro ni zaidi ya ukoo. Ni watu wa eneo moja, wenye tohara moja na wazee wao wa mila, na zamani walipigana vita kama jeshi moja. Ndani yake zimo egesaku, na ndani ya egesaku makundi madogo zaidi mpaka kufikia mji wa mtu mmoja. Wakati wa ukoloni na baadaye, jina "Wakurya" lilizidi kuwa mwavuli wa ibiaro vyote. Kijana wa leo anajitambulisha kwa kabila. Babu yake aliyezaliwa miaka ya 1920 angeanza na ikiaro.

Kuna pia amakora, vizazi. Hapa watafiti wa mwanzo walichanganyikiwa, na si ajabu kijana wa mjini naye achanganyikiwe. Rika la tohara, esaaro, linafuata mwaka: waliotahiriwa msimu mmoja ni wenzi. Kizazi hakifuati umri. Mtoto huzaliwa katika kizazi kinachofuata cha baba yake, hata baba awe na miaka 25 au 75. Kwa hiyo mtoto wa mwisho wa mzee sana anaweza kuwa kizazi cha juu kuliko mtu mwenye mvi, na yule mwenye mvi akamwamkia kama baba. Ruel aliandika juu ya jambo hili mwaka 1962, akaeleza mizunguko miwili ambayo vizazi vyote vimo ndani yake, Monyachuma na Monyasai. Jina la kizazi kimojawapo, Maina, linajulikana pia kwa Wakikuyu mamia ya kilomita mashariki. Wanahistoria hawalipiti hivi hivi jina kama hilo.

Kila msikilizaji ajiulize: sensa inayotaka "umri" na "uhusiano na mkuu wa kaya" ingeandika nini juu ya kijana wa miaka 20 ambaye mbele ya jamii yake ni baba wa mtu wa miaka 50?

3. Lugha inabeba kumbukumbu isiyoandikwa

Wasikilizaji wafanye jaribio dogo. Weka vidole viwili kooni, useme "sss", kisha "zzz". Ya pili inatetema, ya kwanza haitetemi. Sasa fanya hivyo kwa k na g. Ya g inatetema.

Kikurya kinapojitaja chenyewe kinasema Igikuria. Kwa nini si Ikikuria, wakati kiambishi kile kile katika ikiaro kina k? Kwa sababu sauti inayofuata katika "kuria" ni k, isiyotetema, na lugha hii haipendi silabi mbili zisizotetema zifuatane hivyo, ikaigeuza ile ya kwanza kuwa g. Egesaku nayo ni hivyo hivyo, kwa ajili ya s. Jirani Mkisii anasema Ekegusii na k yake inabaki, maana g inayofuata inatetema yenyewe. Wakikuyu wanasema Gĩkũyũ. Wataalamu wanaiita kanuni ya Dahl, kwa jina la mmisionari Edmund Dahl aliyeisikia kwa Wanyamwezi. Bibi wa Nyamwaga ambaye hajawahi kuingia darasani anaitii kanuni hii kila anapofungua kinywa, wala hakosei.

Toni ni shida zaidi. Katika kitenzi cha Kikurya, njeo ndiyo inayoamua sauti ipande wapi: mahali pa kwanza pa shina, pa pili, pa tatu au pa nne, kwa kuhesabu tangu mwanzo. Lugha zinazohesabu mpaka nne ni chache mno duniani, na Kikurya kimekuwa mfano wa kufundishia katika vyuo vya mbali. Mmoja wa walioieleza vizuri ni Mkurya mwenyewe, Leonard Chacha Mwita, katika tasnifu yake ya mwaka 2008 huko Los Angeles.

Tawi hili la anthropolojia halichunguzi sauti tu. Linauliza maneno yanawapangaje watu. Kwa Wakisii "baba" ni mama, na "tata" ndiye baba. Karani wa Kiswahili akimuuliza mtoto wa Kisii, "Baba yuko?" mtoto atamwita mama. Kosa la namna hiyo likiingia kwenye takwimu, hakuna kompyuta itakayolirekebisha.

Wilaya ya Serengeti na jirani zake zina lugha ndogo ndogo nyingi: Kingoreme, Kiikoma, Kinata, Kiishenyi. Watoto wao wanasoma kwa Kiswahili na kupigiana simu kwa Kiswahili, na hilo ni jema. Lakini majina ya miti, ya aina za udongo na ya rangi za ng'ombe yanakufa pamoja na wanaoyajua, na hayo hayamo katika kamusi ya Kiswahili.

4. Mwili na mawe

Sehemu hii itakuwa fupi, ingawa ndiyo ambayo dunia inaifahamu zaidi kuhusu nchi hii. Upande wa pili wa mbuga, Olduvai, Mary Leakey aliokota fuvu la Zinjanthropus tarehe 17 Julai 1959. Mwaka 1978 zikafuata nyayo za Laetoli, zenye umri wa miaka milioni 3.6 hivi. Mwaka 2016 timu ya Fidelis Masao na wenzake, wakiwemo Watanzania kadhaa, ilitangaza nyayo nyingine mpya pale pale Laetoli. Vijana walitaje jina la Masao kama wanavyolitaja la Leakey.

Anthropolojia ya mwili haiishii kwenye mifupa ya kale. Wafugaji waliomo ukumbini wanajua kuwa watu wazima wengine wakinywa maziwa mabichi tumbo linawavuruga, na wengine wanakunywa kibuyu kizima salama. Mwaka 2007 Sarah Tishkoff na wenzake walichapisha utafiti uliowapima watu 470 wa Tanzania, Kenya na Sudan. Waligundua kwamba uwezo wa mtu mzima kumeng'enya maziwa ulitokea Afrika kwa njia yake yenyewe, tofauti na ya Ulaya, na badiliko moja lililoenea Kenya na Tanzania lilikadiriwa kuwa na umri wa kati ya miaka 2,700 na 6,800. Muda huo unakaribiana na ule ambao wanaakiolojia wanauona katika ardhi: wafugaji kwenye nyanda za Serengeti miaka kama 3,000 iliyopita, wakiwa na vifaa vya obsidiani, jiwe jeusi linalong'aa kama kioo, lililoletwa kutoka Bonde la Ufa upande wa Naivasha. Ng'ombe walibadilisha maisha ya watu na, polepole, wakabadilisha hata damu yao.

Mawe yenyewe hayako mbali. Audax Mabulla alichapisha mwaka 2005 uchunguzi wa michoro ya miambani ya Mkoa wa Mara. Ng'ambo, katika Kaunti ya Migori, ngome za mawe za Thimlich Ohinga ziliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2018. Mwalimu wa historia mwenye gari la shule na siku mbili anaweza kuyaonyesha haya yote kwa macho.

5. Elimu hii ina deni

Haifai kuisifu anthropolojia na kuficha ilikotoka. Ilikua pamoja na ukoloni. Ofisa alitaka kujua nani wa kumfanya chifu, nani wa kulipa kodi na ng'ombe wako wapi, na watafiti wengi walilipwa kwa fedha za kikoloni. Okot p'Bitek wa Uganda alipokwenda Oxford mwaka 1960 kusoma anthropolojia, alimkuta mhadhiri akiwaita Waafrika washenzi, akakataa mbele ya darasa. Hasira ile ilizaa kitabu chake cha mwaka 1970 kuhusu jinsi wasomi wa Magharibi walivyoielewa vibaya dini ya Kiafrika.

Wengine waliichukua silaha na kuigeuza. Jomo Kenyatta alisoma kwa Malinowski London, na mwaka 1938 akachapisha kitabu juu ya Wakikuyu kilichotetea ardhi yao. Mwalimu Nyerere, Mzanaki wa Butiama katika mkoa huu huu, alisoma anthropolojia ya jamii kama sehemu ya shahada yake Edinburgh, kati ya 1949 na 1952. Haipasi kudai kwamba ujamaa ulitoka katika darasa hilo. Inatosha kusema kwamba mwana wa Mara alisikia jinsi watu wa kwao wanavyoelezwa na wengine, kisha akarudi kuwaeleza yeye.

Na wapo wageni waliofanya vyema. Mwanahistoria Jan Bender Shetler alikaa na wazee wa Wilaya ya Serengeti kwa miaka, akachapisha mwaka 2003 historia zilizoandikwa na wenyeji wenyewe wa Mara kusini, na mwaka 2007 kitabu chake juu ya kumbukumbu za Serengeti. Kinachogusa moyo ni jinsi wazee walivyosimulia: kwa mahali. Kilima hiki, chemchemi ile, mti ule walipogawana ndugu wawili. Waikoma wana Machaba, meno ya tembo ambayo simulizi inasema waliyapata kwa nabii wa Kitatoga, na mpaka leo yana heshima yake. Hifadhi ya Taifa ilipoanzishwa mwaka 1951, na mapori ya akiba ya Grumeti na Ikorongo mwaka 1994, sehemu ya vilima hivyo na mahali pa matambiko ilibaki ndani ya mipaka. Watalii wanaambiwa kuwa hii ni nyika ambayo haikuguswa na mtu. Mzee wa Kiishenyi anaona makaburi na mashamba. Hapa hakuna anayedai hifadhi ifutwe. Wilaya inapata mapato kwayo. Ni haki tu kwamba mwongoza watalii kutoka Mugumu ajue majina mawili ya kila kilima.

6. Pale inapotumika

Wizi wa mifugo umeleta maafa mengi Tarime. Fleisher alikuja kuuchunguza miaka ya 1990. Serikali ilikuwa ikisema ni mila, na ni kweli kwamba zamani vijana walivamia makabila mengine kutafuta ng'ombe wa mahari. Lakini alichokiona ni biashara. Ng'ombe waliibwa kwa Wakurya wenzao, ikiaro na ikiaro, wakavushwa mpaka na kuishia kwenye nyama ya miji ya Kenya. Silaha ziliingia kwa wingi baada ya vita vya Kagera, katika jamii iliyotoa askari wengi. Ukiita mila, unapeleka polisi na mahubiri. Ukiita biashara, unafuata mnunuzi, lori na mnada. Wazee waliokaa katika iritongo, baraza la jamii, walijua hilo, na ndiyo maana sungusungu waliotoka Usukuma na Unyamwezi mwanzoni mwa miaka ya 1980 walipofika huku walishikamanishwa na baraza hilo.

Ukeketaji unahitaji ujasiri zaidi, na wazee wanaombwa wasikilize kama wazazi. Sheria ya mwaka 1998 inakataza kumkeketa msichana wa chini ya miaka 18. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015-16 uliona kuwa asilimia 32 ya wanawake wa Mara wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wamekeketwa, wakati kwa taifa zima ilikuwa asilimia 10. Mwanaanthropolojia hapaswi kujificha nyuma ya neno "utamaduni" mtoto anapovuja damu. Anachoweza kuleta ni maelezo ya mashine yenyewe: msimu wa Novemba na Desemba katika miaka inayogawanyika kwa mbili, ruhusa ya wazee wa mila, malipo ya ngariba, zawadi na ng'ombe, na aibu ya msichana ambaye wenzake hawamhesabu kuwa mkubwa. Kila kiungo hapo kina mtu na kina shilingi, na kila kimoja kinaweza kufunguliwa. Kituo cha Masanga wilayani Tarime na nyumba salama ya Mugumu hupokea wasichana wanaokimbia msimu, na kazi kubwa baada ya hapo ni kuwarudisha nyumbani kwa mazungumzo na baba, shangazi na bibi. Kazi hiyo inamtaka mtu anayejua nani ana sauti katika nyumba ile.

Kuelekea mbele

Wapo vijana hapa watakaoomba vyuo mwakani. Wakikuta sosholojia na anthropolojia, akiolojia au isimu katika orodha, wasizipite kwa kudhani hazina kazi. Halmashauri, hospitali, hifadhi, mgodi wa Nyamongo na mahakama za mwanzo zote zinaamua mambo ya watu kila siku, na mara nyingi bila mtu anayejua mokamona ni nani.

Wengine hawahitaji kungoja chuo. Nyaraka za Hans Cory ziko katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, nyingi zikiwa kwa Kiingereza. Walimu wawili wa lugha wakipewa likizo moja na nauli wanaweza kuleta nakala za zile zinazohusu Wakurya na kuanza kuzitafsiri. Vitabu vya Tobisson na Ruel havina tafsiri ya Kiswahili. Itafaa kuanza na sura moja, ile ya nyumba na ng'ombe, na isomwe mbele ya wazee waseme wapi mgeni alielewa na wapi alikosea. Masahihisho yao yachapishwe pembeni ya maandishi yale.

Kwa wanafunzi wa kidato cha tatu na cha nne, walimu wamekubali kutoa zoezi la likizo ya Desemba. Kila mmoja achukue daftari, akae na bibi au babu, na aandike majina ya undugu kwa lugha ya nyumbani: baba, mama, mjomba, shangazi, mke wa kaka, mke wa mwana, mtu wa kizazi cha juu, mtu wa tohara moja. Pembeni ya kila jina aandike mwenye jina hilo anapaswa kupewa nini na anaogopwa kwa nini. Mwanafunzi wa Kingoreme na wa Kikurya wakae dawati moja mwezi wa Januari walinganishe madaftari yao. Yatakayotofautiana yapigiwe mstari mwekundu, kwa kuwa hayo ndiyo yatakayofunguliwa kwanza katika mhadhara ujao.